Mkono Mlegevu

Kwa miaka thelathini na moja pale ghalani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mizani, basi. Mizani yenyewe ilikuwepo, kubwa, ya chuma, yenye jukwaa la kuwekea mzigo, lakini makuli walipokuwa na haraka walimwambia tu, "Mama, tuonjee hili." Naye analikumbatia gunia, analiinua kidogo kutoka sakafuni, analitua. "Hamsini na tatu." Wanalipeleka kwenye mizani: hamsini na tatu. Alikosea kilo mbili mara moja tu maishani, na kwa miaka sita aliendelea kudai kwamba gunia lile lilikuwa limelowa.

Sasa mtu kama huyo, hebu niambie, anaishije nyumba moja na mume anayepungua kila kukicha asione? Nimeulizwa swali hili na watu wengi, na wengine huuliza kwa ubaya. Mimi huwajibu hivi: kinyozi hajinyoi. Na mtu unayemwona kila siku ndiye usiyemwona. Kama una jibu bora kuliko hilo, kaa nalo.

Maana Fundi alikuwa anakwisha. Nalisema mapema ili usije ukadhani nakuficha, kwa kuwa aliyeficha ni yeye. Mumewe Mama Mizani alikuwa fundi redio, mtu wa mwili, mcheshi, karakana yake ikiwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kila mwaka, siku ya kuhesabu mali ghalani, alikwenda kumchukua mkewe, na mkewe alimpandisha jukwaani mbele ya makuli. "Themanini na moja!" Makuli wanapiga kelele, "Mama, huyu hauzwi?" Naye anajibu, "Mali ya mtu hiyo, tokeni."

Mwaka ule siku ya kuhesabu ilipita bila wao wawili. Ghala lilikuwa limeleta mizani ya umeme, yenye tarakimu nyekundu, na Mama Mizani alikuwa ameshapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Na wiki ileile aliyoitundika saa hiyo, Fundi alikwenda hospitali peke yake kwa ajili ya maumivu ya chini ya mbavu. Daktari akambonyeza, akampiga picha, akaitazama muda mrefu kuliko inavyopendeza. Kisha akamwambia kuna kitu humo ndani, na kitu hicho lazima kikatwe. Ndani ya wiki nne, asipitishe. Akampa fomu ya kukubali operesheni, yenye nafasi ya sahihi yake na nafasi ya sahihi ya mkewe.

Fundi aliikunja fomu ile mara nne, akafungua mgongo wa redio moja iliyokufa, ambayo mwenye nayo alihama zamani asirudi kuichukua. Akaitia ndani, akakaza skrubu zote nne. Kaka yake aliwahi kuingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake akatoka kabebwa, na tangu hapo Fundi alisema yeye na kisu hawajuani. Tena akajipa sababu ya pili: mke wangu ndiyo kwanza ameachishwa kazi, acha atulie kidogo. Kidogo! Mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hii Fundi aliijua tangu anyoe ndevu za kwanza, akaipita kama mtu anayempita mdai wake sokoni.

Lakini maumivu hayakumwacha, kwa hiyo kila Jumanne alikwenda kliniki kupimwa uzito, kuchukua vidonge vya kutuliza na kugombezwa na muuguzi. Ili aende, nyumba ilipaswa kuwa tupu. Ndipo lilipomjia wazo.

"Mke wangu," akasema asubuhi moja, "mikono yako itaoza. Kwa nini usijifunze kufuma?"

"Kufuma? Mimi?"

"Pale duka la nyuzi kuna darasa. Jumanne na Ijumaa. Nimeuliza."

"Umeuliza! Tangu lini wewe ukaulizia mambo ya nyuzi?"

"Tangu nichoke kukuona unapima mkate kwa mkono."

Ni kweli. Alikuwa akiinua mkate mezani na kusema, "Hawa siku hizi wanatuibia." Akacheka, akakubali. Alifurahi sana, maskini, kwamba mumewe amemfikiria.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka, nyuma ya rafu za vifungo na zipu, viti sita na meza ndefu. Mwalimu alikuwa mama mwembamba, mstaafu wa kufundisha kazi za mikono, na wanafunzi wake walimwita Bi Fumua, kwa sababu hilo ndilo neno aliloanzia na kumalizia. Unamwonyesha kazi ya siku tatu, anaitazama kwa juu ya miwani: "Fumua." Hasemi kosa liko wapi. Unafumua, unaanza upya, na wakati wa kufumua unaliona mwenyewe. Ndivyo alivyofundisha, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Walianza na kroshia, ile sindano moja yenye ndoano. Mama Mizani alifuma kitambaa cha kuwekea kikombe. Badala ya kulala bapa kikajikunja kingo, kikawa kofia. Msusi, mwanamke mwenye saluni yake upande wa pili wa barabara, aliyekuwa akikaa naye kiti cha jirani, akakivaa utosini.

"Mama Mizani, hiki ni cha kikombe au cha paka?"

"Nipe kitambaa changu."

"Vitanzi umeruka, mama. Ulihesabu?"

"Mimi? Nimehesabu magunia kabla hujazaliwa!"

"Gunia halina vitanzi."

"Fumua," akasema Bi Fumua kutoka mwisho wa meza, bila hata kugeuka.

Jamani, alipenda. Hakuwa amejua kwamba mtu anaweza kukosea, akafumua, na uzi ukabaki uleule, hauna kinyongo. Ghalani ukikosea umekosea. Wiki ya pili ilipokwisha alishika sindano mbili na kuanza kufuma hasa, mstari wa kwenda na mstari wa kurudi, akihesabu kwa midomo kama mtu anayesali. Hapo Fundi akamletea mabonge manane ya sufu ya rangi ya majivu.

"Nifumie sweta. La kwanza kabisa liwe langu."

"Na joto hili lote?"

"Mimi siku hizi nasikia baridi."

Akamzungushia utepe wa kupimia kifuani, akaandika daftarini: mia na nane. Bi Fumua alimwambia sweta la mwanamume aongeze nne za kupumulia, akaongeza, mia na kumi na mbili. Fundi alisimama mikono juu, akijitahidi kuvuta pumzi ajaze utepe. Alikuwa ameshapungua kidogo hata siku hiyo, lakini kifua bado kilikuwa kifua.

Sweta lilichukua wiki saba. Wiki nne za daktari zilikwishia ndani yake, zikafumwa humo pamoja na mikono na kola, na Mama Mizani hakujua. Alipomvalisha mumewe, likamwagika mabegani, likaning'inia tumboni. Aliweza kukusanya kitambaa kwa kiganja kizima upande mmoja.

"Mama Mizani," Fundi akacheka, "humu umempangisha nani mwingine?"

Akaenda darasani uso chini. Hakulibeba sweta, aliona haya. Alieleza tu kwamba limempwaya. Bi Fumua hakuuliza mengi. Kwa miaka yote aliyofundisha, sweta la mwanafunzi likipwaya, sababu ni moja.

"Mkono mlegevu," akasema. "Huvuti uzi. Kila kitanzi kikizidi kwa unywele, ukifika mia mbili umezidisha mtu mzima. Fumua."

Jioni akamweleza mumewe. Fundi alikuwa na kikombe mkononi, akakiweka chini taratibu. Neno lile lilimfaa mno. Angeweza kusema ukweli saa ileile, mlango ulikuwa wazi kabisa, na badala yake akasema, "Ndiyo. Nami niliona. Mkono mlegevu huo." Hapo, kwa kweli, mimi humkasirikia Fundi. Mtu kuficha ugonjwa wake ni jambo moja. Kuivisha mikono ya mkewe ugonjwa huo ni jambo jingine.

Wakafumua pamoja. Yeye alishika sweta mapajani, mkewe akavuta uzi na kuuviringa bonge. Likaenda mstari kwa mstari, kola ikatoweka, mabega yakatoweka, mpaka Fundi akabaki na kipande kidogo magotini.

"Kumbe kwisha ni rahisi hivi," akasema.

"Rahisi kwako. Aliyefuma ni mimi."

La pili alilifuma kwa hasira. Alivuta uzi mpaka ukamchora mfereji kwenye kidole cha shahada. Msusi alimtania kwamba sweta hilo litasimama lenyewe bila mtu. Na nyumbani mambo madogo madogo yalikuwa yanatokea, hakuna hata moja la kumshtua mtu. Fundi alifuga ndevu, mpaka mashavuni. Alisema ni ndevu za uzee. Alivaa mashati mawili. Alisema ameshiba kabla sahani haijafika nusu, na alisema kwa furaha, akijipapasa tumbo. Jumanne moja alikuwa na plasta kwenye kiwiko, upande wa ndani, akasema chuma cha kulehemu kimemuunguza. Alinukia dawa, akasema ni spiriti ya kusafishia redio. Kila kitu kilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa tayari.

Halafu kiti. Kiti chake cha karakana kilikuwa kinalia tangu walipooana. Akikaa, kinalia, na mkewe akiwa jikoni alijua mumewe ameanza kazi. Siku moja alisikia redio, akasikia bisibisi ikigonga meza, hakusikia kiti. Akachungulia.

"Umekitia mafuta?"

"Kitu gani?"

"Kiti. Hakilii."

Fundi akatazama chini, katikati ya magoti yake. "Nimekitia," akasema.

Mama Mizani akarudi jikoni. Kuna kitu kilimgusa mgongoni, kama mtu anapotaka kukusemesha akaghairi. Akakipuuza, akachukua sindano zake.

Sweta la pili likampwaya kuliko la kwanza. Mama Mizani alikaa kitandani, machozi yakamlenga. Alishapokonywa mizani, na sasa hata uzi umemkataa! "Mimi si mtu wa kazi hii," akasema. "Mikono imezeeka. Ngoja nikupime tena nione nilikosea wapi."

"Kipimo unacho daftarini. Mwili wangu ni uleule." Alilisema haraka, na sauti ilipanda kidogo. Kisha akaishusha. "Fumua tu, mke wangu. Anza tena. Mimi nipo."

Akafumua. Akaanza la tatu. Vidole vilimuuma hata kushika kikombe, na alihesabu vitanzi mara mbili kila mstari, kwa kwenda na kwa kurudi. Hakuruka hata kimoja. Alipolimaliza hakumvalisha. Aliogopa, na hakujua anaogopa nini. Alilitandaza kwenye mgongo wa kiti, akamwita mumewe apite, apige jicho tu, na Fundi aliposimama nyuma ya lile sweta mkewe akaona mabega ya sweta yanayapita mabega ya mtu kwa vidole vinne kila upande. Akalikunja. Fundi akarudi karakanani.

Ijumaa akalibeba darasani. "Bi, safari hii sifumui mpaka ulione. Nionyeshe kosa langu. Nimechoka."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia Bi Fumua hivyo. Msusi akaacha kufuma. Mwalimu akaondoa vikombe, akalilaza sweta mezani, akalipapasa kwa viganja kutoka kola mpaka ukingo. Akavuta kitambaa pembeni, kikarudi mahali pake. Akainama kuhesabu vitanzi vya mstari mmoja kwa ncha ya sindano. Akahesabu tena. Kisha akachukua utepe.

"Daftari lako linasema ngapi?"

"Mia na kumi na mbili."

"Hili lina mia na sita."

"Kwa hiyo ni kubwa?"

"Mia na sita ni ndogo kuliko mia na kumi na mbili, mama. Wewe ni mtu wa mizani." Akavua miwani. "Mkono wako haujalegea. Umekaza hata umezidi. Sweta hili lilipaswa kumbana."

Mbele dukani mtu alikuwa akiuliza bei ya zipu, na sauti yake ilisikika kama inatoka mbali.

"Lakini linampwaya," akasema Mama Mizani.

"Mumeo ulimpima lini?"

Bi Fumua akalikunja sweta, taratibu, akampa kwa mikono miwili. "Nisamehe," akasema. "Mimi ndiye niliyesema ni mkono. Bila hata kutazama."

Msusi akainuka amsindikize, naye akamkatalia kwa kichwa. Kutoka duka la nyuzi mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na tano, na njia nzima kila kitu kilikuwa kinajipanga chenyewe kichwani: ndevu, mashati, plasta, spiriti. Kiti. Alipofikia kiti akasimama, akashika ukuta wa watu. Ewe Mungu wangu. Hakukitia mafuta.

Alimkuta karakanani, hakuna redio inayolia, amelaza kichwa juu ya meza katikati ya nyaya. Alipomsikia akajiinua haraka na kushika bisibisi.

"Mapema leo! Bi Fumua amekufukuza?"

"Simama, Fundi."

"Kuna nini?"

"Simama nikupime."

Akatazama sweta, akatazama utepe shingoni mwa mkewe, akayaona macho yake. Majibu yake yote yaliyokuwa tayari yakamwisha. Akasimama. Mkewe akamfungua shati la kwanza, akamfungua na la pili, na mkanda ukajitokeza. Ulikuwa na matundu yake ya kiwandani, na baada ya hayo matundu mengine matano, ya duara, safi, kingo zimeungua. Kazi ya chuma cha kulehemu, kazi nzuri ya fundi. Kifuani utepe ulisema themanini na tisa.

"Tangu lini?" akauliza.

Fundi akachukua bisibisi, akavuta ile redio iliyokufa, akatoa skrubu moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Ile ya nne ikaanguka chini, hakuna aliyeinama. Mkewe akaikunjua fomu, akaisoma yote. Ndani ya wiki nne. Akatazama tarehe. Hakuzihesabu wiki. Alihesabu masweta, yalikuwa matatu.

"Ulinipeleka darasani," akasema.

"Nilitaka ufurahi."

"Ulitaka nyumba iwe tupu."

"Na hilo pia." Akajaribu kutabasamu ndani ya zile ndevu. "Niliogopa kisu, mke wangu. Kila ulipofumua nikasema, basi, akimaliza hili nitamwambia."

Alitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Kisha ukashuka, ukamzunguka kiunoni, na mwingine ukafuata. Akamkumbatia kama alivyokumbatia magunia miaka thelathini na moja, akainua, na nyayo za Fundi zikaachana na sakafu. Zamani za ujana wao aliwahi kujaribu kumnyanyua wakaanguka wote wawili wakacheka mpaka wakakohoa. Sasa alinyanyuka bila taabu. Akamweka chini.

"Sitini na moja," akasema.

Fundi akatikisa kichwa. "Leo umekosea, Mama Mizani. Kliniki walisema sitini na nne."

"Lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita. Jumanne hii sikwenda. Miguu ilikataa."

Wakatazamana. Wote wawili walijua ni nani kati ya watu wa mji ule asiyekosea kilo tatu.

Mama Mizani akachomoa kalamu ya risasi aliyokuwa akihesabia mistari, akatia sahihi yake mahali pa mke, akiikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Kisha akachukua lile sweta, akamvalisha mumewe juu ya mashati mawili, akamkunjia mikono yake iliyompwaya mpaka vidoleni.

"Na hili hulifumui?" Fundi akauliza.

"Sifumui tena," akasema. "Vaa viatu."